Chombo cha Anga Kinakatika Mgongo: Utatuzi wa Matatizo kwa Wajenzi wa Lego Kigoma

Mwongozo huu ni wa wanaojenga vyombo vya anga, maroboti na miji ya sayari za mbali kwa matofali ya lego, wawe Mwanga, Gungu, Katubuka, Ujiji au kokote mkoani. Haumhusu anayefuata kijitabu cha maelekezo kilichokuja na boksi. Unamhusu mtu ambaye chombo chake kimetoka kichwani mwake mwenyewe, hakina kijitabu, na sasa kimegoma kusimama.

Kikigoma, wengi hukimbilia lawama moja: vipande havitoshi. Ni kweli kwamba huku vipande tunavipata kwa jasho. Vingine vinatoka kwenye mafungu ya midoli ya mitumba sokoni, vingine kwa ndugu aliyepita Dar es Salaam, na vingine kwa kubadilishana sisi kwa sisi. Lakini ukikifungua chombo kilichovunjika, mara nyingi unakuta vipande vilikuwepo vya kutosha, ila vimepangwa vibaya ndani. Naomba ulishike hilo tangu mwanzo: dalili huonekana nje, chanzo hukaa ndani, tena mara nyingi mbali na pale unapopaona. Bawa linapoanguka, mara nyingi mgonjwa ni mgongo.

Kwa hiyo usianze kwa kuongeza matofali. Anza kwa kupima.

Vipimo vya kukariri kwanza

Kinundu ni kile kitufe kinachochomoza juu ya tofali. Umbali kutoka katikati ya kinundu kimoja hadi katikati ya kinundu cha jirani ni milimita 8. Kinundu chenyewe kina kipenyo cha milimita 4.8. Tofali la kawaida lina kimo cha milimita 9.6 bila kuhesabu vinundu. Kipande chembamba, ambacho humu nitakiita bapa, kina kimo cha milimita 3.2, kwa hiyo mabapa matatu ni sawa na tofali moja.

Sasa fanya hesabu moja tu. Mabapa matano ni milimita 16. Vinundu viwili pia ni milimita 16. Na tofali moja ukiliongezea mabapa mawili unapata 16 hiyohiyo. Namba hiyo itarudi mara kadhaa huko chini, kwa sababu ndiyo inayoruhusu kipande kilichosimama kikutane sawasawa na kilicholala. Asiyeijua hujenga kwa kubahatisha, na chombo kikizidi urefu wa mkono, kubahatisha hakusaidii tena.

Mfumo huu ni wa zamani na haujabadilika. Kampuni ya LEGO ya Billund, Denmark, iliomba hataza ya tofali hili tarehe 28 Januari 1958, na tangu 1963 matofali yake yanatengenezwa kwa plastiki iitwayo ABS. Ndiyo maana tofali kuukuu la mitumba linaweza kushikana vizuri na la mwaka huu. Umri peke yake si ugonjwa.

Dalili: ukikinyanyua, kinakatika katikati

Hili ndilo tatizo kubwa kuliko yote, na ndilo linalowavunja watu moyo. Kila Septemba wajenzi wa nchi nyingi hujipa kazi ya kujenga chombo cha anga chenye urefu usiopungua vinundu 100. Zidisha kwa milimita 8, unapata sentimita 80. Kwa urefu huo, uzito wa chombo chenyewe unatosha kukivunja.

Kabla hakijakatika kabisa, kikague hivi. Kiweke juu ya vitabu viwili, kimoja kila mwisho, kisha inama macho yako yalingane na ubavu wake. Mahali fulani utaona mstari mwembamba wa mwanga kati ya tofali na tofali. Angalia umefungukia wapi. Ukiwa chini, maana yake tumbo linavutwa: chombo kimeshikiliwa miisho na uzito uko katikati. Sasa kiweke juu ya kitabu kimoja tu, katikati. Mstari ukihamia juu, ni mgongo unaovutwa, kwa sababu miisho inaning'inia. Chombo kizima hakitakiwi kuonyesha mwanga popote, kwa namna zote mbili.

Ukishaupata mstari, ufuate kwa kidole kutoka juu hadi chini. Mara nyingi utagundua kwamba mishono ya matofali imepangana: tofali linaishia pale, la chini yake linaishia palepale, na la chini zaidi vilevile. Umejenga vyombo viwili vilivyogusana. Vinundu vinahimili sana kusukumwa kwa ubavu, lakini kuvutwa juu vinahimili kidogo. Mishono ikipangana, hakuna kinundu kinachovuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili.

Dawa ya kwanza haihitaji kipande chochote cha pekee. Vunja sehemu hiyo tu, kisha ijenge upya kwa tabaka tatu za mabapa marefu, kila tabaka mishono yake ikiangukia katikati ya bapa la chini yake. Mabapa matatu yaliyopishana hivyo yanashinda tofali moja nene la kimo hichohicho, kwa sababu yamefungamana mara mbili humo ndani. Kama una mabapa marefu machache, yapeleke kwenye mgongo na tumbo. Ubavu unaweza kuvumilia vipande vifupi.

Dawa ya pili, ambayo ndiyo ya kudumu, ni kufunga kwa wima. Hapa unahitaji matofali yenye matundu ubavuni, boriti zenye matundu, na pini. Weka tofali lenye matundu, juu yake mabapa mawili, kisha tofali jingine lenye matundu. Umbali kutoka tundu la chini hadi la juu ni tofali moja na mabapa mawili: milimita 16. Sasa simamisha boriti ubavuni na upige pini kwenye tundu lake la kwanza na la tatu. Zinaingia zenyewe bila kulazimishwa. Kuanzia hapo tabaka haziwezi kuachana hata ukikishika chombo kwa paa lake, kwa sababu sasa kinachoshikilia ni pini zilizopita kwa ubavu.

Pini nazo ziko za aina mbili, na nimeona mifupa mizuri ikilegea kwa kuchanganya. Katika seti za LEGO, pini nyeusi fupi zina vituta vidogo vinavyokaza. Za kijivu huzunguka kirahisi kwa sababu kazi yake ni magurudumu na vitu vinavyotakiwa kugeuka. Kwenye mafungu ya mitumba rangi haziaminiki, basi itie pini tunduni na uizungushe kwa vidole. Ikizunguka kama haina habari, usiiweke kwenye mgongo.

Wengine hupitisha ufito wa mbao ndani ya chombo. Kwa maonyesho ya shule ya siku moja sina ugomvi nao. Lakini gundi siikubali hata kidogo. Huku kila kipande ni cha thamani, na tofali lililogundishwa limekufa: halitajenga kitu kingine tena.

Dalili: hakikatiki, lakini kinajinyonga

Kishike miisho miwili na ukisokote polepole. Kikikubali, basi umejenga mfereji: sakafu ipo, kuta zipo, paa liko wazi au limeshikwa na vinundu viwili vitatu tu. Umbo lililo wazi upande mmoja husokoteka hata kama kuta ni nene. Funga paa likamate kuta zote mbili kwa urefu wote, na uweke kuta za kukata ndani kwa ndani, kama vyumba vya meli. Mjenzi wa Kibirizi anayetengeneza mitumbwi ya mbao hahitaji kufundishwa hili, anaweka mataruma.

Dalili: bawa linainama, au linaanguka kabisa

Bawa likianguka, kijana hukaza bawaba. Kesho yake linaanguka tena. Chukua mfano wa bawa la gramu 200 ambalo uzito wake uko sentimita 20 kutoka kwenye bawaba. Linaivuta bawaba hiyo sawasawa na bawa la gramu 400 lililo sentimita 10. Maana yake ni kwamba kulirefusha bawa kunaumiza kama kuliongezea mzigo. Ukitaka bawa refu, lipunguzie uzito kule nchani: ng'oa matofali manene, weka mabapa, na bunduki kubwa isogeze karibu na kiwiliwili.

Kisha angalia bawa limeshikwa mara ngapi. Bawaba moja haifai hata iwe mpya. Zinatakiwa mbili, tena zilizoachana, moja mbele na moja nyuma. Na angalia aina yake. Bawaba laini hutegemea msuguano tu na huchoka. Zile zenye meno hulia "tiki" ukizikunja na husimama kwa hatua za nyuzi 22.5. Kwa bawa lenye uzito, tumia zenye meno au usitumie bawaba kabisa.

Njia ninayoipendelea ni pembetatu. Boriti zenye matundu hutengeneza pembe mraba kamili kwa kanuni ya 3, 4, 5. Lakini hapa wengi hukosea kuhesabu, wakachukua boriti za matundu 3, 4 na 5 na kushangaa kwa nini hazikutani. Kinachohesabiwa ni nafasi kati ya matundu. Nafasi 3 zinahitaji boriti ya matundu 4, nafasi 4 matundu 5, nafasi 5 matundu 6. Piga pini tatu kwenye kona, na umbo hilo halitakunjika. Lizike ndani ya shina la bawa, ulifunike kwa mabapa, na hakuna atakayejua limekaa humo.

Kama bado bawa linainama baada ya haya yote, rudi kwenye jaribio la kusokota. Inawezekana bawa ni zima na ubavu uliolishika ndio unaojinyonga.

Dalili: vipande vilivyolazwa ubavu vinaacha pengo

Wajenzi wa vyombo vya anga hawapendi vinundu vionekane, kwa hiyo hugeuza vipande vilale ubavu, vishikwe na matofali yenye kinundu pembeni. Hapo ndipo mapengo huzaliwa. Chanzo karibu kila mara ni kusahau ile 16. Ukilaza bapa lenye upana wa vinundu viwili, nafasi ya kulipokea lazima iwe na kimo cha mabapa matano. Ukiacha nne, halitaingia. Ukiacha sita, utaona pengo la milimita 3.2.

Pengo likiwa dogo kuliko hapo, kama nusu ya bapa, umepishana kwa milimita 1.6. Huo ndio unene wa vile vipande vya pembe vinavyounganisha ubavu na juu. Kimoja kikiwekwa mahali pake hulifuta pengo lote. Na kama unachoona ni uzi tu wa kivuli unaopita unywele mmoja, huo si ugonjwa. Tofali la vinundu 2 kwa 4 limetengenezwa kwa upana wa milimita 15.8, pungufu kidogo makusudi, ili majirani wasibanane. Uache.

Dalili: vipande havishikani, au vinashikana kupita kiasi

Tenganisha kwanza mambo matatu: uchafu, joto, na uzawa.

Uchafu ndio wa kawaida. Vumbi jekundu la kiangazi likichanganyika na mafuta ya mikono hutengeneza utando ndani ya tofali, kwenye vile vimirija vinavyobana vinundu. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, mswaki laini kwa ndani. Maji yasizidi nyuzi 40 za Selsiasi. Ndicho kiwango ambacho kampuni yenyewe inashauri. Vipande vidogo visipotelee kwenye karo, vifunge ndani ya kipande cha wavu wa dagaa, uvisukesuke humo kwenye beseni. Vianike juu ya kanga kivulini mahali penye upepo, vikae usiku kucha, kwa sababu maji hujificha ndani ya vimirija.

Joto ndilo linaloua bila mtu kujua. Kuna wanaochemsha midoli ya mitumba ili kuua vijidudu. Nia ni njema, ila ABS huanza kulainika karibu na nyuzi 100, na kipande kilichopinda hata kwa sehemu ndogo ya milimita hakishiki tena. Kuanika juu ya bati saa saba mchana nako ni hatari. Na chombo kilichokamilika kikiwekwa chini ya paa la bati lisilo na dari, viungo vilivyokaza hulegea taratibu miezi inavyokwenda, kwa kuwa plastiki iliyobanwa hujinyoosha ikipata joto hata kabla ya kulainika. Shusha rafu, au tafuta chumba chenye dari.

Uzawa ni suala la nani katengeneza. Tofali la LEGO lina jina la kampuni juu ya kila kinundu. Lichukue, lielekeze kwenye mwanga, utaliona. Mengine ni ya watengenezaji wengine, na si lazima yawe ya wizi: mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2010 kwamba umbo la tofali lenyewe haliwezi kumilikiwa kama nembo ya biashara. Yapo mazuri sana na yapo mabovu. Tatizo ni kuyachanganya bila kuyapima. Chukua kila tofali, libane juu ya bapa kubwa, geuza bapa chini juu, tikisa. Linaloanguka liende fungu lake. Lililokaza hadi kidole kiume nalo liende lake. Yanayoshika sawasawa ndiyo ya mgongo na shina la mabawa. Malegevu usiyatupe: yajaze tumboni, mahali ambapo kazi yake ni kujaza tu.

Kuhusu mabapa mawili yaliyong'ang'aniana: usitumie meno, usitumie kisu. Kuna kibanduo cha plastiki, mara nyingi cha rangi ya chungwa, kinachokuja na seti kubwa. Kama huna, bana tofali refu juu ya bapa la kwanza na jingine chini ya bapa la pili, kisha yavunje kama unafungua kitabu. Ekseli, yaani ule ufito wa kuzungushia gurudumu, ikikwama tunduni isukume kwa ekseli nyingine.

Dalili: vipande vinapasuka

Angalia rangi kwanza. Matofali ya LEGO ya kahawia na ya wekundu mzito yaliyotengenezwa miaka ya 2000 yanajulikana duniani kote kwa kuwa dhaifu. Hupasuka hata yakibanduliwa kwa upole. Yaweke mahali ambapo hutarudi kuyabandua.

Kama ni rangi nyingine, basi umebana mahali pasipobanwa. Mfano ninaouona mara nyingi ni bapa lililosimamishwa kwa ubavu kati ya safu mbili za vinundu. Nafasi pale ni 8 kutoa 4.8, yaani 3.2, sawa kabisa na unene wa bapa. Inapendeza kuona vinavyolingana, lakini hakuna nafasi hata kidogo ya kupumua, na plastiki inakaa imebanwa siku zote. Miezi ikipita, ufa huanzia kwenye kona.

Dalili: nyeupe imekuwa njano

Ni jua. Tuko karibu na ikweta, na dirisha linalotazama ziwani hupokea mwanga mkali alasiri. Hamisha chombo. Wapo wanaorudisha weupe kwa hidrojeni peroksaidi na jua, na inawezekana, lakini unjano mara nyingi hurudi. Ushauri wangu ni kuvitenga vipande vya njano vyote na kujengea chombo kizee: kilichosafiri mno, kilichoungua kikipita karibu na nyota. Hapo unjano unakuwa rangi uliyoichagua.

Dalili: roboti haisimami

Angalia linaangukia wapi. Likianguka mbele, kifua na mikono vimezidi. Sogeza betri au matofali manene mgongoni, au rudisha nyonga nyuma. Likishuka taratibu huku magoti yakikunjika, viungo vimeelemewa. Vile viungo vidogo vya mpira na tundu vinafaa shingo na viganja. Kwenye magoti na nyonga weka vyenye meno, au tumia viwili sambamba. Na ongeza nyayo. Miguu midogo ni ya michoro.

Dalili: taa haziwaki

Kwa mafundi simu utapata taa ndogo za LED na nyaya nyembamba zinazoweza kupita kati ya vinundu bila kukatwa. Taa moja nyeupe huwaka kwa betri ya saa ya volti 3, ile CR2032. Isipowaka, igeuze: mguu mrefu ndio chanya.

Ukiunganisha nyeupe mbili kwa mfuatano kwenye betri hiyo, zote zitabaki giza, kwa kuwa kila moja inataka karibu volti 3 peke yake. Ziunganishe sambamba. Lakini ukiweka nyekundu sambamba na nyeupe, nyekundu itawaka na nyeupe itazimika. Nyekundu inatosheka na volti 2 hivi, hivyo huushusha umeme wote kufika kiwango chake. Dawa ni kila taa kuwa na rizista yake, kile kipande kidogo cha kupunguza umeme, na chanzo cha volti 5. Kwa nyeupe, rizista ya omu 220 inaruhusu takriban miliampea 9, na hiyo inatosha kabisa kwa dirisha la chombo.

Kuna moja linalochanganya watu sana: taa zinawaka vizuri kwa powabenki, halafu baada ya muda mfupi zinazimika zote pamoja. Hakuna kilichoungua. Powabenki nyingi hujizima zikihisi kwamba hakuna simu, na taa zako zinakula umeme mdogo mno kuweza kuhesabika. Ongeza taa, au tumia chaja ya ukutani, au rudi kwenye betri za kawaida.

Dalili: kimesimama imara, lakini hakina uhai

Hapa kipimo cha milimita hakitakusaidia, na ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Chanzo cha kwanza ni rangi. Mfuko wa mitumba una rangi kumi na mbili, na mjenzi anazitumia zote kwa sababu zipo. Chagua tatu. LEGO ilipotoa seti zake za anga za 1978, vyombo vingi vilikuwa bluu na kijivu na vioo vya njano, na hadi leo wajenzi wazima wanarudi kwenye mpango huo kwa sababu jicho linauelewa mara moja. Rangi zilizobaki zizike ndani, kwenye mgongo. Huko hakuna anayeziona.

Chanzo cha pili ni vipande vidogo vya mapambo, vile vibomba na vishikizo na vigae, kutawanywa sawasawa kila mahali. Jicho linakosa pa kupumzika. Acha mbavu ndefu ziwe laini, kisha zipasue mahali pamoja na ujaze humo mabomba, kana kwamba fundi amefungua kifuniko cha injini.

Chanzo cha tatu ni kuiga. Kijana anajenga kile alichokiona kwenye skrini, na kinatoka pungufu siku zote, kwa sababu waliokitengeneza walikuwa na maelfu ya vipande vya rangi moja. Nenda ukatazame ziwa. Usiku usio na mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa hutoka miwili miwili, imefungwa kwa magogo yanayovuka juu, wavu ukishuka katikati, taa zikining'inia juu ya maji meusi. Hebu jenga hicho. Viwiliwili viwili vyembamba, boriti tatu zikivuka, taa za LED kwenye vijiti vilivyochomoza, na chini yake wavu wa kukusanya vumbi la kimondo. Umbo la viwiliwili viwili lina faida nyingine: kila kiwiliwili ni chepesi, kwa hiyo mgongo hauvutwi sana, na boriti zinazovuka zinavifunga pamoja. Chombo kama hicho hakihitaji vipande vya pekee, na mtoto yeyote wa Kibirizi atakitambua kabla hujamweleza kinaruka.

Dalili: vipande vinaisha katikati ya kazi

Sanifu kwanza kwenye kompyuta. Programu ya Studio ni ya bure, na kabla yake kulikuwa na LDraw, iliyoanzishwa na Mwaustralia James Jessiman mwaka 1995 na bado inatumika. Programu hukupa orodha ya vipande, ukalinganisha na ulivyonavyo kabla ya kubandua chochote. Tahadhari moja: kwenye skrini bawa la sentimita 40 linaelea kwenye kinundu kimoja bila kulalamika. Sehemu ya mgongo na shina la mabawa zijenge kwa mikono kwanza, uzipime kwa vitabu viwili, ndipo uendelee na mengine kwenye skrini.

Dalili: kilikuwa kizima nyumbani, kimefika kimevunjika

Barabara ya Mwanga hadi Ujiji kwa bajaji inatosha kukisambaratisha chombo cha sentimita 80, hata chenye mgongo mzuri. Mtikisiko hulegeza vinundu kidogo kidogo, na tofali la kwanza likitoka, jirani yake hana pa kuegemea.

Usikisafirishe kizima. Mji huu una mfano bora wa kazi hiyo: meli ya Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa, ikafungwa kwenye maboksi 5,000, ikasafiri kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, na hapa ikaunganishwa upya na kushushwa ziwani mwaka 1915. Waliofanya hivyo walipanga mahali pa kuitenganisha kabla hawajaitenganisha. Nawe amua tangu mwanzo chombo chako kitaachana wapi: pua, kiwiliwili, injini, bawa la kulia, la kushoto. Kila mpaka uwe na pini nne zinazochomoka kwa mkono bila kubomoa kitu. Weka alama ya namba kwa kipande cha utepe wa karatasi kila upande wa mpaka, piga picha kwa simu, kisha funga kila sehemu kwenye boksi lake na ujaze nguo kuizunguka, ikae bila nafasi ya kucheza. Boksi la mgongo liwe chini. Mabawa yasilazwe, yasimamishwe kwa ukingo. Na beba mfuko mdogo wa akiba wenye pini nyeusi, mabapa marefu machache, kibanduo na betri moja mpya.